Ngoma za mkono kwa vijana wa Langoni: shajara ya mradi

11 Januari 2025: Tunapoanzia

Naandika shajara hii kwa yeyote anayeishi na vijana wa miaka 13 hadi 17 na anayetaka kujaribu jambo hili mtaani kwake. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha hapa Lamu. Vijana wanaoletwa kwangu si wabaya. Huletwa kwa sababu hawalali, au wanapigana, au wameacha kusema nyumbani, au wameanza kuonekana na watu wa unga, yaani dawa za kulevya. Nikiwaweka kitini nikawaambia "hebu nieleze," wengi huangalia sakafu. Maneno hayatoki. Lakini mikono haitulii hata kidogo: wanagonga meza, wanagonga magoti, wanagonga ubavu wa madau yaliyofungwa pwani.

Wazo lilitoka kwenye mikono hiyo. Lamu hatuna uhaba wa midundo. Kuna matari ya maulidi, kuna ngoma za harusi, vumi kubwa na chapuo ndogo, kuna kirumbizi ambapo wanaume hucheza kwa fimbo na ngoma ndiyo inayowashika pamoja. Sitaki kuwafanya wapigaji wa harusini, ingawa atakayefika huko nitamwombea heri. Nataka wakae duara, wapige kwa mikono mitupu, watoke wametulia kuliko walivyoingia.

Kwingineko wametangulia. Australia Magharibi mpango wa ngoma za mkono kwa vijana ulianza mwaka 2003. London, Daisy Fancourt na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wiki 10 za kupiga ngoma kikundi, kwa watu wazima waliokuwa chini ya huduma za afya ya akili, na huzuni na wasiwasi vilipungua. Wale walikuwa watu wazima, tena wa huko. Sisi tutaona kwetu.

Mahali tumepata: ua wa nyumba ya mawe isiyokaliwa, mtaa wa Langoni hapa Lamu, kwa hisani ya mwenyewe. Siku ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi na nusu baada ya alasiri, na saa kumi na mbili kasorobo kila mtu ameshaondoka ili magharibi isitukute.

25 Januari: Ndoo za rangi

Tulianza bila ngoma. Nyumba kadhaa za wageni kule Shela zilikuwa zinapakwa rangi, wakatupa ndoo za lita 20 bure. Nilidhani tumeokota.

Haikufaa. Ua wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu unarudisha sauti yote, na plastiki ina mlio mkali unaochoma masikio. Kila kijana akawa hajisikii, hivyo akazidisha nguvu, na wa pili yake akazidisha zaidi. Programu ya kupima sauti kwenye simu ilipita desibeli 100. Kwa kiwango kinachotumiwa kulinda wafanyakazi, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwa 100 zinabaki dakika 15 tu, nasi tulikuwa tumeshapita hapo. Wavulana wawili waliishia kushikana mashati. Walikuja wakiwa na ukali kidogo, wakaondoka nao mwingi.

Tulichofanya: majamvi mawili yakaning'inizwa ukutani kupunguza mwangwi, na ndoo zikageuzwa viti. Kwa anayeiga kazi hii, nasema wazi: mlio mwembamba na mkali humchochea kijana. Tafuta sauti nzito kwanza, hata kama ni ngoma moja tu ya kuazima. Ngoma moja nzuri ikizungushwa kwa zamu inafanya kazi kuliko ndoo kumi.

15 Februari: Ngozi

Hapa ndipo palipotutoa jasho, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Fundi wa Wiyoni alikubali kutuchongea vumi moja na msondo mmoja (ngoma ndefu) kwa magogo ya mwembe kutoka shambani. Kuchonga kwenyewe hakukuwa na shida: tezo, patasi, kisha msasa, na vijana walisaidia kukwangua ndani. Kwa ngoma ndogo za kila mtu tulinunua paipu ya plastiki ya maji machafu, ya inchi 6 kwa futi 20, ikaja kwa boti kutoka Mokowe. Ukikata sentimita 60 kila kipande unapata mabomba kumi.

Ngozi za mbuzi zilitoka machinjioni, shilingi 100 kila moja, zimeshapakwa chumvi. Tukazisuuza kwa maji ya kisima cha uani, tukazilowesha kwa chokaa mpaka manyoya yakalegea, tukayakwangua kwa mgongo wa kisu, tukawamba. Mchana zililia vizuri sana. Asubuhi ya pili zilikuwa laini kama kitambaa kilicholala nje. Tukaanika, zikakaza. Usiku zikalegea tena.

Fundi alizionja kwa ncha ya ulimi, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, ngozi yenye chumvi haikauki. Kila usiku itakunywa umande." Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Lamu ina unyevu mwaka mzima. Tena maji ya kisima kile, kwa ukaribu wake na bahari, yenyewe yana chumvi. Tulikuwa tunaosha chumvi kwa chumvi. Sasa tunasuuza kwa maji ya birika la mvua au ya mfereji yanayotoka visima vya Shela chini ya michanga, na tunabadilisha maji mpaka ukiyaonja hupati ladha yoyote.

Hasara ya pili ilikuwa jua. Kaskazi inavuma, jua la Februari ni kali, nasi tulikuwa na haraka. Ngozi mbichi iliyowambwa ikawekwa juani hukauka ukingoni kabla ya katikati, na inapovutana hupasuka. Moja ilipasuka kwa mlio tuliousikia ndani ya nyumba. Karibu nusu ya ngozi za mwanzo zimekwenda hivyo. Ziache kivulini, mahali penye upepo, siku tatu, hata vijana wakikusumbua vipi.

Ya tatu ilikuwa chokaa. Baada ya kipindi kimoja viganja vikaanza kuwasha. Ngozi zilikuwa bado na chokaa ndani. Maji ya ndimu katika suuza ya mwisho yalimaliza tatizo hilo.

Na bomba la plastiki lina mambo yake. Ukingo uliokatwa kwa msumeno ni mkali na huikata ngozi, kwa hiyo upige msasa mpaka uwe mviringo, kisha upake nta. Kila ngoma ina pete mbili za chuma zinazounganishwa kwa kamba, na ile ya chini hupanda juu ukikaza kamba, maana bomba ni nyoofu, halina mahali pa kuishika. Tulitoboa matundu manne tukapitisha skrubu juu ya pete ili isipande. Kamba ya nailoni huvutika, ukikaza leo kesho imelegea. Tulibadili tukaweka kamba ya poliesta, ile ya mashua.

1 Machi: Ramadhani

Vipindi vimesimama. Jioni vijana wananisaidia kukaza kamba. Ngoma za bomba zote zimekamilika.

12 Aprili: Mdundo wa pole uliokataa

Karatasi yangu ya mipango ilisema hivi: anza na mapigo 60 kwa dakika, polepole, kama moyo wa mtu aliyepumzika, na vijana watatulia. Nilikuwa na hakika na jambo hili kuliko mengine yote.

Ikakataa. Walikuja kutoka uwanjani au kwenye ugomvi wa nyumbani, damu inachemka, nami nawapa mdundo wa mtu anayesinzia. Wengine walichekacheka. Wengine walijaza nafasi kati ya pigo na pigo kwa vipigo vyao. Mmoja, kijana wa miaka 15 asiyesema sana, aliweka ngoma chini akasimama. "Maalim, pole hii yanizidisha," akatoka.

Yule fundi alikuwa amekaa kwenye baraza la mlango akitazama. Nikamwuliza, Fundi, nimekosea wapi? Hakunijibu moja kwa moja. Alisema kwenye kirumbizi mpigaji haangalii mikono yake, huangalia miguu ya wachezaji. Wakiingia na moto, naye huingia na moto. "Wafuate kwanza," akasema, "ndipo utawachukua utakako."

Jumatano tuligeuza. Nilianza kwa kasi waliyokuja nayo, kama mapigo 120 kwa dakika, kwa mdundo mmoja mwepesi usiomshinda yeyote, nikawaacha wapige walivyo. Hakuna aliyecheka. Kisha tukashuka. Si kwa ghafla: nikishuka kwa mkupuo duara linavunjika na kila mtu anarudi kwenye kasi yake. Tunashuka mapigo 5 kwa kila dakika moja hivi, huku metronomu ya simu, ile inayogonga kuonyesha kasi, ikiwa sikioni mwangu peke yangu. Kutoka 120 hadi 60 inachukua kama dakika 12 bila kumburura mtu.

Wanaofanya tiba ya muziki huliita jambo hili kanuni ya iso. Ira Altshuler, daktari wa Marekani, alilieleza katika miaka ya 1940: muziki uanze pale moyo wa mgonjwa ulipo, kisha uuhamishe kidogo kidogo. Fundi hajapata kusikia jina hilo, na kazi anaijua tangu ujana wake.

Nitaeleza nilichokiona, kwa kuwa ndicho kinachonifanya niendelee. Yule kijana aliyetoka alirudi. Alianza akiwa ameuma meno, mabega karibu na masikio, anapiga kwa mkono mgumu kama ubao, na ngoma yake ikitoa mlio mkavu. Tulipofika kama mapigo 80, mlio ukabadilika kabla sura haijabadilika. Ukawa mzito. Nikatazama mkono wake: alikuwa ameacha kuushusha kwa nguvu, anauacha uanguke kwa uzito wake wenyewe na kudunda. Baadaye kidogo mabega yakashuka. Sikumwambia lolote, wala yeye hakusema. Kipindi kilichofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Mambo mengine mawili tuliyogeuza wakati huohuo. Vumi, ngoma inayoshika mdundo wa msingi, nilikuwa nimempa anayejua kupiga kuliko wote. Alikuwa akipamba, anakimbia, na wote wanamfuata. Sasa vumi anapewa aliyekuja na wasiwasi mwingi siku hiyo. Akijua wenzake wanamtegemea, hushika mdundo kama mtu aliyeshika usukani wakati wa upepo wa kusi. Pili, tulikuwa tukimaliza kwa kishindo kama harusini, na walitoka mlangoni wakipiga makelele. Sasa tunamaliza kwa ncha za vidole, kisha viganja vinalazwa juu ya ngozi, na tunakaa kimya dakika tatu. Mwanzoni dakika moja tu ilikuwa ndefu kwao. Iongeze taratibu.

26 Aprili: Pumzi

Tukifika mapigo 60, kila pigo ni sekunde moja. Tunavuta pumzi kwa mapigo 4, tunaitoa kwa mapigo 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Nilipowaambia "vuta pumzi" bila ngoma waliona haya. Kwa ngoma hawaoni haya, mikono ina kazi na hakuna anayemtazama mwenzake. Mwenye pumu asilazimishwe kufuata hesabu, apumue anavyoweza na apige tu.

10 Mei: Masika

Kusi imeingia, mvua haikatiki, na ngoma zote zimelala. Desturi ni kuzipasha kwa moto wa makuti makavu, na kwa vumi na msondo inafaa ukizungusha ngoma wakati wote na ukiiweka mbali na mwali. Ngozi moja imeungua kwa sababu aliyeishika aligeuka kuzungumza.

Lakini onyo kubwa ni hili: ngoma ya bomba la plastiki usiisogeze kwenye moto kamwe. Moja ililainika upande mmoja ikapinda ikawa umbo la yai, haifai tena, na plastiki hii ikiungua hutoa moshi wa sumu. Nashukuru tulikuwa nje. Sasa ngoma zote zinakaa ndani ya kabati la mbao lenye balbu moja ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, ikiwashwa tangu adhuhuri siku ya kipindi. Balbu za siku hizi zisizopata moto hazisaidii. Kabati liwe na tundu juu, na balbu iwe mbali na ngozi na mbao.

17 Mei: Kishindo

Tumepata kijana kutoka bara, kijiji kilichowahi kuvamiwa usiku alipokuwa mdogo. Kipindi cha pili mwenzake alipiga kofi kali ukingoni mwa ngoma bila kutarajiwa. Kijana huyu akawa amesimama ukutani kabla hatujajua kilichotokea, macho yametoka, hasikii tunapomwita. Ilichukua muda mrefu kumrudisha. Nilikaa naye sakafuni, nikamwomba anitajie vitu anavyoviona uani kimoja kimoja: jamvi, ndoo, mlango, paka.

Tangu siku hiyo kuna sheria. Hakuna kofi la ukingoni bila ishara ya mkono. Kila kijana huchagua mahali pa kukaa, na anayetaka kuwa karibu na mlango akiwa ameuelekea, hapo ni pake. Yeyote anaweza kuweka ngoma chini akatoka bila kuulizwa. Naye huyu nilimpeleka hospitali ya kaunti kwa ruhusa ya mjomba wake, kwa sababu kuna majeraha ambayo ngoma haiyafikii na si haki kumwacha mtoto akidhani yanatosha haya. Anaendelea kuja. Anapiga msondo, ngoma nzito, naye mwenyewe ndiye aliyeichagua.

31 Mei: Wazazi

Mama mmoja alinijia jioni, amejifunika vizuri, akakataa kuketi mpaka amalize aliyokuja nayo. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini nasikia mwashusha ngoma polepole mpaka watoto wafumba macho. Ngoma ya namna hiyo mimi naijua. Huita." Alikuwa akisema habari ya pepo. Dada yake aliwahi kupungwa, na hakupenda yaliyofuata.

Sikumbishia. Hofu yake ina asili, ngoma za pepo zipo pwani nzima na watu wameziona kwa macho yao. Nilimwambia tusiyoyafanya: hakuna ubani wala buhuri, hakuna kuita jina la chochote, hakuna midundo ya uganga, na fundi anaijua, hivyo yeye ndiye mlinzi wetu katika hilo. Tumeacha pia kuwaambia wafumbe macho. Wanaangalia ngozi ya ngoma, inatosha. Kisha nikamwomba aje akae barazani kipindi kizima. Alikuja. Kwenye dakika zile za kimya alikuwa anamtazama mwanawe tu. Alipoondoka alisema, "Ataendelea," na mwezi huu ametuletea mahamri mara kadhaa.

Wazee wengine waliuliza upande wa dini. Nilikwenda kwa maalim wa mtaa kabla hawajanijia, na hilo namshauri kila mtu alifanye mwanzo kabisa. Lamu mjadala huu ni mkongwe. Habib Swaleh, aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, ndiye aliyeeneza hapa usomaji wa maulidi kwa matari, na zama zake wapo wakubwa wa mji waliompinga. Tulikubaliana masharti: hakuna ngoma adhana ikitoka, hakuna ngoma Ramadhani, hakuna ngoma ikiwa mtaani kuna matanga au mgonjwa mahututi, na wavulana na wasichana wasichanganywe.

28 Juni: Wasichana

Sharti la mwisho lilikuwa limewaacha wasichana nje, nami sikuridhika. Bibi mmoja wa Mkomani, aliyekuwa mpigaji wa vugo, ngoma ya wanawake, harusini, ametoa orofa ya nyumba yake kila Alhamisi, na mwalimu mwenzangu wa kike ndiye anayekiongoza kikundi. Ninayoandika hapa ni aliyonisimulia.

Ngoma za bomba hazikufaa. Kuzishika katikati ya magoti ukiwa na buibui ni taabu, na hawakuwa huru. Tulinunua matari manne na tukaazima chapuo mbili za kuweka mapajani. Tari nalo huchosha kifundo cha mkono wa kushoto, kwa hiyo wanalilaza pajani juu ya leso iliyokunjwa. Mlio unapungua kidogo, na orofani hilo si baya.

Tofauti kubwa ni mazungumzo. Wavulana husema baada ya ngoma, wakati wa chai, wakiwa hawakutazami. Wasichana walitaka kusema kabla. Mwenzangu alijaribu kuwaharakisha waingie kwenye mdundo kama tufanyavyo Langoni, wakapiga bila moyo. Alipowaacha wazungumze kwanza, nusu saa nzima siku nyingine, ngoma ilishuka yenyewe hata bila metronomu. Msichana mmoja wa kidato cha nne, mwenye hofu ya mtihani mpaka anatapika asubuhi, sasa hupiga mapigo yale 4 na 6 kwa vidole juu ya dawati kabla ya kugeuza karatasi. Hilo hatukumfundisha.

19 Julai: Kupima

Nilitaka ushahidi zaidi ya macho yangu. Tulihesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, sekunde 30 mara mbili, kabla na mara tu baada ya kipindi. Matokeo yalinivunja moyo: wengi walikuwa wamepanda. Sababu yake ni rahisi, kupiga ngoma ni kazi ya mwili, na moyo wa anayefanya kazi hupanda. Tulipoanza kuhesabu baada ya ule ukimya, na dakika nyingine tano za kukaa, picha ikawa nyingine, wengi hushuka chini ya walivyoingia. Wapo wasioshuka. Siku za mitihani karibu hakuna anayeshuka.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni swali moja la asubuhi inayofuata: "Umelala?" Wanajibu kwa vidole, kimoja hadi vitano. Nayaandika kwenye daftari bila majina.

16 Agosti: Gharama

Wengi wameuliza. Magogo mawili ya mwembe 3,000, ufundi wa vumi na msondo 6,000. Ngozi, pamoja na zilizoharibika, 1,500. Paipu 3,600 na boti 400. Pete za chuma, mbili kwa kila ngoma, 3,000. Kamba, ya nailoni tuliyoitupa na ya poliesta, 2,200. Chokaa, msasa, nyembe na ndimu 600. Balbu na waya 450. Matari manne ya wasichana 6,000. Jumla shilingi 26,750. Chai na vitafunio ni kama 400 kwa kipindi, nami sishauri mtu avipunguze, kwa sababu wavulana husema wakiwa na kikombe mkononi.

Ningeanza leo ningeacha ngoma za bomba. Inchi 6 ni ndogo kwa kiganja cha kijana wa miaka 17, na sauti yake nzito hutoka tu ukiinamisha ngoma ili mdomo wa chini usizibwe na sakafu. Pesa zile zingetoa msondo wa pili na chapuo mbili za mbao, zikapigwa kwa zamu. Lakini kukaza kamba na kukwangua ngozi kuliwafunga vijana na ngoma zao, hivyo kila mmoja atengeneze walau moja.

27 Septemba: Tulipofika

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, umekwisha. Wakati wa maulidi tulisimamisha vipindi, na baadhi ya wavulana wetu walikaa kwenye safu za matari pamoja na wenzao wa madrasa. Mmoja ni yule aliyeniambia pole inamzidisha.

Wawili wameacha kuja. Mmoja familia imehamia Mombasa. Wa pili amerudi kwa watu wa unga, na fundi na mimi tumeshakwenda nyumbani kwao. Mahali pake kwenye duara hatujampa mtu mwingine.

Kazi inayofuata ni kuwafundisha vijana wakubwa wawili kuongoza kushuka, maana kipindi kisitegemee mwalimu mmoja. Wanaharakisha kati ya 90 na 70, hapo ndipo duara hukatika. Nimewaondolea metronomu kwa sasa, wanajifunza kutazama mabega ya wenzao. Mpaka mwisho wa mwaka pia tunahitaji ngozi ya ng'ombe kwa vumi, upande mmoja umeanza kuchoka. Mwenye kujua inakopatikana bila chumvi, Lamu au Mpeketoni, anijulishe.